Koti Lililofuliwa

Daktari wa meno alikuja mwenyewe. Alikuja kwa miguu, saa nane mchana, vazi lake jeupe la kazini likiwa bado mwilini na barakoa imening'inia kidevuni. Kitinda alikuwa barazani kwa Fundi, jirani yao mshonaji aliyemwajiri, anapinda pindo la suruali, mguu juu ya kanyagio la cherehani. Alimwona daktari tangu alipoingia kwenye barabara yao. Watu humwendea daktari wa meno, yeye hamwendei mtu. Kabla hajalifikia lango la kwao, Kitinda alikuwa ameshauondoa mguu kwenye kanyagio.

Daktari aliuliza kama Mama yuko ndani. Kitinda akajibu kwamba amejilaza kidogo, magoti yanamsumbua.

"Basi mwamshe, mwanangu," alisema daktari. "Mwamshe taratibu."

Mama alitoka, akaketi. Ndipo daktari akaeleza, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake, kwamba Dada alikuwa amesimama kando ya kiti cha mgonjwa wa nne, ameshika kile kibomba cha kufyonza mate, akasema anahisi kizunguzungu. Aliomba maji. Kabla maji hayajafika alikuwa ameketi sakafuni kando ya kabati, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama bomba la maji asubuhi. Walimkimbiza hospitali. Alifariki saa saba kasoro robo. Alikuwa anavuja damu tumboni tangu asubuhi, na upande wa kushoto, chini ya mbavu, walikuta alama nyeusi yenye umbo la kwato.

Mama hakulia papo hapo. Alimtazama daktari, akauliza swali moja tu.

"Alikuwa ananuka?"

Mtu mwingine angedhani mama huyu kachanganyikiwa. Daktari alilielewa swali lile vizuri, na ndiyo maana aliinamisha kichwa.

"Hapana, mama. Alikuwa ananukia sabuni."

Hapo ndipo Mama alipopiga ukelele uliowatoa majirani nje. Kitinda hakulia. Alikuwa anaangalia msumari ulio kwenye nguzo ya banda la farasi, mkabala na baraza, na koti lililotundikwa pale. Lilikuwa safi, na rangi yake ya kahawia ilikuwa imerudi kuonekana. Nyumba nzima ilikuwa inajua sasa kwamba farasi ndiye aliyemuua Dada. Sababu yake aliijua Kitinda peke yake.

Farasi mwenyewe aliitwa Jemadari. Baba yao, Mungu ampumzishe, alikuwa mwendesha gari la farasi, akibeba magunia ya unga kutoka kinuni kwenda madukani. Jemadari alilivuta gari hilo miaka kumi na mitatu. Baba alipofariki, gari liliuzwa, na Jemadari alikuwa ameshaanza kupata ukungu machoni. Mwaka uliofuata akawa kipofu kabisa. Mjomba, kaka yake Mama, alishauri auzwe kwa mchinjaji. Dada akasema farasi yule aliwalisha wote, hata Mjomba mwenyewe alipokuwa anakuja kula bila kualikwa, na hatatoka katika ua ule ila kwa kufa kwake. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa, na habari ikaishia hapo.

Basi Dada akawa na kazi mbili. Alfajiri alikuwa mtunza farasi, na kuanzia saa mbili alikuwa msaidizi wa daktari wa meno. Kazi hizo hazipatani hata kidogo. Anayemsaidia daktari wa meno humwinamia mgonjwa mpaka pua zinakaribia kugusana, na mgonjwa aliyelazwa kitini, kinywa wazi, hana pa kugeuzia uso. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda. Kisha siku moja mama mmoja aliyekuja na jino bovu aliinuka kitini, pamba mdomoni, akauliza kama kliniki hii imejengwa juu ya banda la wanyama. Wenzake Dada walicheka kimya kimya. Kuanzia hapo mpokea wagonjwa akawa anamwita Bibi Kwato, kwa utani, lakini utani wa kila siku huchimba. Jioni ile daktari alimwita Dada pembeni. Hakumgombeza. Alimwambia kazi yake ni safi, mikono yake ni mepesi, wagonjwa waoga humtaka yeye. Ila lalamiko kama lile likija mara ya pili, hatakuwa na la kufanya.

Unga wa nyumba nzima ulikuwa kwenye kazi hiyo. Dada alirudi nyumbani siku hiyo, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akamwambia mdogo wake, "Kitinda, kuanzia kesho wewe ndiye pua yangu."

Hivyo ndivyo utaratibu ulivyoanza, na kwa miezi minne haukuvunjwa hata siku moja. Dada aliamka saa kumi na nusu. Nywele alizitia ndani ya mfuko wa nailoni, akazifunga vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine. Alivaa mabuti ya mpira, na juu ya kila kitu koti la Baba, zito, lenye vifungo mpaka kooni. Koti hilo halikuingia ndani ya nyumba hata siku moja. Lilikaa kwenye msumari wa nguzo, na lilikuwa halijafuliwa tangu enzi za Baba. Jasho lake lilikuwa mle, na pumba, na mafuta ya magurudumu, na nywele za Jemadari, vyote vimeshikana mpaka koti likasimama lenyewe kama mtu. Dada aliingia bandani akiimba wimbo wa dini kwa sauti ya chini, uleule kila siku. Jemadari aliuinua uso, akanusa mkono wa koti, akatulia. Hapo Dada alizoa samadi, akatandaza nyasi kavu, akajaza maji, akamsugua mgongo.

Kisha ilikuja zamu ya kujisafisha. Maji ya kwanza yalikuwa ya baridi, kwa sabuni ya mche. Maji ya pili yalikuwa ya vuguvugu, na ndimu iliyokatwa, aliyoisugua kwenye viwiko, shingoni na nyuma ya masikio. Kucha alizipitisha mswaki wa zamani. Alipumua kwa mdomo muda wote aliokuwa bandani, kwa sababu aliamini harufu huingia puani na kukaa humo, na mtu akishaizoea haijui tena. Sare yake ya kliniki haikulala nyumbani. Ililala kwa Fundi, ndani ya mfuko wa plastiki, na Kitinda aliipiga pasi kule. Mwisho kabisa, Dada akiwa amevaa, alisimama barazani kwa Fundi kama mwanafunzi anayekaguliwa, na Kitinda akamnusa: shingo, nywele, viganja, kucha.

"Nanuka?"

"Hunuki."

"Apa."

"Nenda zako bwana, utachelewa."

Fundi alikuwa anawacheka, anasema hajawahi kuona mtu akikaguliwa kwa pua, hata nyama buchani haifanyiwi hivyo. Lakini Kitinda hakuichukulia kazi ile kama mchezo. Aliona mikono ya dada yake inavyochubuka kwa sabuni na ndimu. Aliona pia kwamba kila kitu kilifuliwa ila koti, na akaanza kuliona koti lile kama adui. Dada alijisafisha saa nzima, kisha kesho yake akajitumbukiza tena mle mle. Mara mbili Kitinda alijitolea kulifua. Mara zote mbili Dada alijibu kwa mkato, "Liache tu." Kitinda alidhani ni ile tabia yake ya kutotaka kumtwisha mtu mzigo. Hakumuuliza sababu, na Dada hakumwambia. Pengine hakuona haja. Mtu akiishi na mnyama kila siku, anayoyajua juu yake hukaa mwilini, hayapiti kichwani.

Wiki ile ya mwisho Dada alishikwa na mafua. Jumapili sauti ilimkauka kabisa, akawa ananong'ona. Kanisani alifungua kinywa kuimba, hakikutoka kitu, akacheka kwa mabega. Waliporudi aliingia kulala. Alikuwa na wasiwasi wa Jumatatu, kwa sababu yule mama wa jino bovu alikuwa na miadi ya kurudi, na Dada alijua kwamba siku hiyo ndiyo itakayoamua. Jioni aliamka tu kumtupia Jemadari nyasi kwa juu ya mlango, bila kuingia, na hakuligusa koti.

Koti halikuwapo. Kitinda alikuwa amelichukua mchana, akalipeleka uani kwa Fundi, akaliloweka kwenye beseni. Alilifua maji sita. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai iliyochemka kutwa. Alitia sabuni ya unga, na mwishoni akatia ile sabuni ya maji ya kulainisha nguo, yenye harufu ya maua, aliyonunua Mama kwa ajili ya sare. Jua lilikuwa kali na upepo mkavu. Alfajiri, kabla Dada hajaamka, alilirudisha kwenye msumari. Alijisikia kama mtu aliyeweka zawadi mlangoni, akarudi kitandani akiwa na furaha, akisubiri kusikia atakachosema.

Alisikia mlango wa nyuma. Alisikia mabuti. Bado kulikuwa na giza, na Dada alivaa koti kwa kupapasa kama kawaida yake. Pua yake, kwa mafua yale, haikuwa ya kusikia kitu. Kitinda alisubiri ule wimbo. Haukuja, maana sauti haikuwapo. Alisikia komeo la banda likivutwa. Kisha Jemadari akakoroma, mkoromo mfupi ambao Kitinda hakuwahi kuusikia kwake, na kwato zikasogea juu ya mbao, mara mbili, mara tatu, kwa kurudi nyuma.

Kikafuata kishindo kimoja, kama mlango uliobamizwa na upepo. Hapakuwa na upepo.

Kitinda alipofika uani, Dada alikuwa ameshatoka. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono umebana ubavu, anapumua kidogo kidogo. Kitinda alimuuliza kama amepigwa.

"Kanisukuma," alinong'ona Dada. "Usimwambie Mama, presha itampanda. Niletee maji."

Alikuwa anavua koti alipolishika vizuri kwa mara ya kwanza. Alilipapasa kola. Alilileta karibu na taa iliyokuwa mlangoni, akalitazama.

"Ulilifua?"

"Nililifua jana. Nilitaka upumzike na ile harufu."

Dada aliendelea kulitazama koti, kisha akamtazama mdogo wake, na sura yake ililegea ikawa ya upole mno, upole ambao Kitinda hakuuelewa hata kidogo saa ile.

"Limetakata," alisema. "Ahsante, mdogo wangu."

Siku ile Kitinda ndiye aliyemwogesha Dada maji yote mawili, kwa kuwa mkono wa kushoto ulikataa kwenda juu. Aliiona ile alama ubavuni. Ilikuwa nyekundu tu wakati huo, haikuwa ya kutisha, na Dada aliifunika upesi. Kitinda alimwambia aende hospitali kwanza. Dada akatikisa kichwa. Leo siendi popote ila kliniki, alinong'ona, yule mama anakuja saa tano, nisipokuwepo watasema nimejificha. Alipanda ngazi za baraza la Fundi kama mtoto, miguu yote miwili kwenye kila kidato. Alivaa sare. Akasimama pale pale pa kila siku.

"Nanuka?"

Kitinda alinusa shingo, nywele, viganja, kucha. Ndimu, sabuni, na ule ubichi wa nguo iliyopigwa pasi.

"Hunuki, Dada. Leo unanukia hasa."

Dada hakumwapisha. Alitabasamu, akashuka barabarani akitembea amejibana upande mmoja, na kwenye kona hakugeuka.

Baadaye daktari aliwaambia kwamba yule mama wa jino bovu alikuja saa tano kama alivyoandikiwa. Ndiye alikuwa mgonjwa wa tatu. Alilala kitini, Dada akamwinamia, na alipoondoka alisema msichana huyu ana mikono mizuri.

Mjomba alifika Jumatatu hiyohiyo jioni. Alilia kwa sauti, maana alimpenda mpwa wake pamoja na ubishi wao wote. Alipokwisha kulia, alisimama mbele ya banda, akasema kabla Dada hajawekwa kaburini, mnyama yule awe ameshatoka katika ua huu. Alikwenda kuongea na mchinjaji, wakakubaliana aje na gari Jumatano asubuhi, siku ya mazishi. Mama hakukataa wala kukubali. Alikuwa ameketi chini kati ya wanawake, kitabu cha sala mapajani, macho yamekauka.

Siku mbili Kitinda alizunguka na jambo lake kooni. Alimlisha Jemadari kwa juu ya mlango, kama Dada alivyofanya jioni ile ya mwisho. Farasi hakuwa anakula. Alisimama pembeni kabisa, masikio yamelala, na kila mtu alipopita alitetemeka ngozi yote. Kitinda alijua kwamba akinyamaza, Jemadari atakwenda, na watu watasema muuaji amelipwa, na yeye atabaki kuwa yule mdogo mwema aliyekuwa anampigia dada yake pasi. Alijaribu kusali. Kila alipofumba macho aliona yale maji meusi ya beseni. Akamwomba Mungu amchukulie maneno hayo yeye mwenyewe, ayafikishe kwa Mama kwa njia yoyote, ili yeye asiyaseme. Mungu hakumfanyia hivyo.

Jumatano, gari la mchinjaji lilisikika barabarani mapema, umande bado haujakauka. Kitinda aliingia chumbani, akapiga magoti mbele ya Mama, wanawake wakiwapo, akasema yote. Alisema habari ya koti, na sauti iliyokauka, na kwamba farasi kipofu alisogelewa na mtu asiye na sauti, anayenukia maua. Alisema Dada alijua, pale kwenye taa, akamwambia ahsante.

Mama alifunga kitabu cha sala.

"Ulifua kwa sabuni gani?"

"Ya unga. Na ile ya kulainisha."

"Ile niliyonunua mimi?"

"Ndiyo, Mama."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, mpaka Kitinda akatamani apigwe.

"Basi tulifua wote wawili," alisema. "Ninyanyue."

Alitoka akijikokota kwa magoti yake mabovu, mkono juu ya bega la Kitinda. Mjomba alikuwa ameshashika kamba. Mama akamwambia gari lirudi. Mjomba akasema kwa upole kwamba dada yake ana majonzi, akapumzike, mnyama yule kaua.

"Kampiga mgeni gizani," Mama alisema. "Hata wewe ungepiga. Rudisha kamba ilikotoka, kaka, tuna mtu wa kuzika."

Mjomba aliikunja kamba. Kisha akaenda kuongea na mchinjaji, na gari likaondoka. Kitinda alilitoa koti kwenye msumari, akaliburuta kwenye nyasi kuukuu za mlango wa banda, mbele na nyuma, mpaka likachafuka, akalitundika juu ya nusu ya mlango, ndani. Alikaa mbali akiongea, asijue hasa anachokisema. Muda ulipita. Jemadari alisogea hatua moja, akanyoosha shingo, akaacha pua yake juu ya mkono wa koti.

Saa sita Dada aliletwa nyumbani kuagwa. Wanawake wa kanisani walikuwa wamemwosha na kumvika sare yake ya kliniki, kama Mama alivyotaka. Mmoja wao alishika chupa ya manukato, na Kitinda akamwomba asimpake. Zamu yake ilipofika aliinama juu ya jeneza, na kwa mazoea tu, kabla hajajizuia, alinusa shingo. Akanong'ona neno lake moja la kila asubuhi. Kisha akasogea, ili Mama apite.

Walitembea mpaka makaburini, mwendo wa nusu saa. Watu sita walibeba jeneza, Mjomba na daktari wa meno wakiwa mbele. Mchungaji alisoma, akaomba, hakusema mengi. Watu waliimba ule wimbo wa bandani, kwa sababu Mama ndiye aliyeuchagua. Jeneza liliteremshwa kwa kamba mbili. Mama alitupa udongo wa kwanza, Kitinda wa pili, Mjomba wa tatu, kisha majirani. Wanaume walishika sepetu, na kaburi likajaa kabla ya saa tisa. Mchungaji aliomba tena kwa ufupi. Fundi alimshika Mama mkono mmoja, Kitinda mwingine, wakarudi nyumbani.